Nyumba Iliyolazwa Depo

Kutoka Kalemie mpaka Goma nilitumia siku kumi na tisa, nyingi kati ya hizo nikiwa nimekalia godoro langu. Nilikuwa nimelikunja na kulifunga kwa kamba ya nailoni. Nililikalia melini hadi Uvira, nikalikalia tena juu ya magunia ya ndagala kavu katika lori lililopanda kuelekea Bukavu. Lori hilo lilizimika mara tatu. Mara ya tatu dereva alishuka kwenda kutafuta kipuri, akarudi kesho yake na mbuzi. Kipuri hakukipata, alisema, lakini mbuzi alikuwa wa bei nzuri. Tulimla pale pale kando ya barabara, abiria wote, na mpaka leo sijala nyama tamu kama ile. Bukavu nilipanda meli nyingine, nikavuka ziwa Kivu nikiwa nimebanwa kati ya makreti ya nyanya na mama mmoja aliyesali njia nzima, kisha nikateremka Goma asubuhi, godoro begani, mguu wa kushoto umekufa ganzi.

Nilikuwa na miaka arobaini kasoro mmoja. Kabla ya hapo nilikuwa nimeishi Lubumbashi, Likasi, Kamina, na Kalemie nilikozaliwa. Kila mji niliouacha niliupenda zaidi baada ya kuuacha, na huo ndio ugonjwa wangu; sijapata dawa yake na sijaitafuta.

Siku ile nilizunguka nikitafuta chumba cha kupanga. Mwenye nyumba wa kwanza hakunitazama usoni. Alitazama godoro.

"Unafika leo?"

"Leo asubuhi, papa."

Akataja bei. Nikamwambia kwamba yule mtu aliyetoka sasa hivi nimesikia akitajiwa nusu yake, kwa chumba hicho hicho.

"Ule hana matela," akasema, na kufunga mlango.

Wa pili hivyo hivyo, wa tatu pia. Mtu mwenye godoro begani hana pa kulala, na mwenye nyumba anajua. Mchana nilikaa kwa mama aliyekuwa akiuza bugali na sambaza, visamaki vya ziwani, kando ya barabara ya Ndosho. Alinisikiliza nikilalamika, akacheka.

"Weka hii matela hapa nyuma ya masufuria yangu," akasema. "Wende utembee kama mutu mwenye kuwa na kwake."

Nikaenda mikono mitupu, mifukoni, nikipiga mluzi. Kabla ya saa kumi nilikuwa nimepata chumba kwa ile bei ya nusu.

Hapo ndipo biashara yangu ilipozaliwa. Goma ni mji wa watu wanaohama. Mmoja anatoka Rutshuru na vitu vyake, mwingine anatoka Masisi, mwingine anahama tu kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine kwa sababu amegombana na mwenye nyumba. Wote wanahitaji mahali pa kuweka kabati lao kwa wiki mbili au miezi sita, bila kumwomba shemeji. Nyuma ya soko la Ndosho palikuwa na ukumbi mrefu wa mawe meusi ambamo muzee mmoja alikuwa akisaga mahindi mpaka mashine yake ilipokufa. Nilipanga ukumbi huo kwake, nikatafuta fundi wa mbao, naye akaugawanya kwa kuta za mbao kuwa vyumba vinane, vinne huku na vinne huku, katikati njia ya kupitisha chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kusukuma mizigo. Sheria ilikuwa moja: kila mpangaji alete kadena yake ya kufungia mlango na akae na ufunguo wake. Mimi nilishika ufunguo wa lango tu.

Kwenye lango niliandika DEPO kwa rangi nyekundu, bila kujua kwamba Goma depo ni mahali pa kununua bia. Wiki ya kwanza walikuja wanaume watatu na makreti ya chupa tupu.

"Ya baridi iko?"

"Hapa hatuuzi bia, papa. Tunatunza vitu vya watu."

Wakatazamana. "Basi tutunzie hizi kreti mpaka tupate ya baridi," akasema mmoja wao. Wakawa wapangaji wangu wa kwanza, na walikuwa wapangaji wazuri.

Vyumba vilikuwa vimejaa isipokuwa kimoja siku aliyokuja mama mmoja. Alikuja nyuma ya chukudu mbili zilizopakia mbao ndefu, na nyuma yake pikipiki imebeba mabati yaliyofungwa kama mkeka. Alikuwa mama wa makamo kutoka milima ya Masisi, kitambaa kichwani, mkononi kopo la maziwa ya unga lililojaa misumari iliyonyooshwa.

"Niko natafuta chumba," akasema.

"Cha kuweka nini, mama?"

"Nyumba."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nyumba ya mbao, kwa watu wa Goma, ni kitu cha kubeba. Ya kwake aliijenga marehemu mumewe huko Masisi, wakaibomoa, wakaja nayo mjini, wakaisimamisha katika parseli, kipande cha ardhi cha muzee mmoja waliyemlipa kodi ya ardhi. Muzee akafa, watoto wake wakauza parseli. Nyumba ilibaki ya mama, lakini ardhi iliyo chini yake ilikuwa na mwenyewe mwingine.

"Nyumba niko nayo," aliniambia. "Mahali ya kuisimamisha njo haiko."

Yeye na binti yake walikuwa wamehifadhiwa na mama mmoja wa kanisani kwao. Na hapo ndipo penye uzito. Binti alikuwa na mchumba, kijana wa familia ya wafugaji, na wazee wa kijana walikuwa wamekwisha kuuliza waje siku gani kumwomba. Mama aliwajibu kwamba watakuja siku nyumba yake itakaposimama. "Mutoto wangu hataombwa katika nyumba ya wenyewe," alisema. "Wakwe wakikukuta umepanga, watakuheshimu kwa miezi."

Mbao zilikuwa ndefu kuliko chumba. Tuliziweka nyuma ya ukumbi, chini ya paa, juu ya mawe ili zisiguse unyevu, tukazifunika kwa shitingi, turubai la plastiki. Milango, madirisha, mabati na kopo la misumari viliingia chumba namba tatu, naye akafunga kadena. Kila ubao ulikuwa na alama ya makaa: mstari mmoja, mistari miwili, msalaba, herufi. Fundi aliyeibomoa nyumba alikuwa ameziweka ili siku ya kuijenga tena kila ubao urudi mahali pake.

Tangu siku hiyo alikuja kila Jumamosi. Alifunua shitingi, akageuza mbao moja moja upande wa pili, akafunika. Kisha aliketi kwenye jiwe karibu na lango, na tukazungumza. Baada ya miezi michache alijua kuliko mimi ni mpangaji gani amekuja wiki hiyo na yupi hajaonekana, kadena ipi imeingia kutu, na kwamba maji ya mvua yanapita chini ya chumba cha sita. Mimi sikuwa nimeyaona hayo maji.

Msimu wa maharagi aliniaga. Alikuwa anakwenda kwa dada yake kumsaidia kuvuna.

Wakati hayupo, watu wakazidi kuja, nami nikaamua kuongeza vyumba vitatu mwisho wa ukumbi. Niliagiza mbao mpya. Nilimwambia muuzaji azishushe nyuma ya ukumbi. Nilimwambia fundi: "Mbao ziko nyuma. Jenga vitatu, ukubwa wa vile vingine." Yote yalikuwa sawa. Kilichobaki kilikuwa ni mimi kukaa na kutazama kazi ikifanyika. Lakini mwenye chukudu mmoja alikuwa amenisimulia juu ya soko la mji wa Kiwanja, kule Rutshuru, jinsi linavyojaa, jinsi mahindi na ndizi zinavyoshushwa mchana kutwa, na miguu yangu ilikuwa imeanza kuwasha. Nilijiambia kwamba nakwenda kutafuta wapangaji kati ya wafanyabiashara wa kule. Nilikaa siku nne. Nilikula vizuri, nilitembea sana, mpangaji sikumpata hata mmoja.

Niliporudi, vyumba vilikuwa vimesimama. Nilivisifu. Kuta zilikuwa zimebana kiasi kwamba huwezi kupitisha unyasi kati ya ubao na ubao.

"Fundi, safari hii umejizidi."

"Ni mbao, shefu," akasema kwa unyenyekevu. "Ulinunua mbao mzuri. Kavu kabisa! Na alama yote umeshaweka, mimi nilifuata tu."

Nilidhani anazungumzia alama za muuzaji. Mbele ya ukumbi niliona rundo refu limefunikwa, lakini katika depo rundo lililofunikwa ni mzigo wa mtu, sikuuliza la nani. Nilichukua rangi nyekundu, nikaandika kwa mkono wangu 9, 10 na 11 kwenye kuta za mbele. Wiki hiyo hiyo vikapata wapangaji. Cha tisa kilichukuliwa na mwalimu mmoja aliyenunua kanape nzuri ya rangi ya divai bila kumwambia mkewe. Alikuja kila Ijumaa baada ya kazi, akaikalia nusu saa, akaondoka amepumzika. Cha kumi alichukua mfanyabiashara wa jibini la Masisi. Cha kumi na moja, kwaya ya kanisa lisilokuwa na jengo, iliyoweka humo ngoma na vipaza sauti kati ya Jumapili na Jumapili.

Mama alirudi Jumatano moja, amebeba mfuko wa maharagi kwa ajili yangu, na uso unawaka.

"Papa, nimepata parseli! Hapa hapa Ndosho, juu kidogo. Nimelipa. Jumamosi tunasimamisha, Jumapili wakwe wanakuja."

Nilimshika mikono yote miwili. Tukacheka. Akaenda nyuma kuziona mbao zake. Nilimsikia akifunua shitingi.

"Papa," akaniita, taratibu. "Nyumba yangu imetembea?"

Chini ya shitingi palikuwa na mawe, na juu ya mawe vipande vichache vya ubao. Nilizunguka ukumbi. Nilifunua lile rundo la mbele. Mbao mpya, nyeupe, mbichi, zikinuka utomvu. Mwenye chukudu aliyezileta kutoka kwa muuzaji alikuwa amechoka, akazishusha pale lango lilipo, na mimi nilikuwa Kiwanja nikitazama ndizi.

Mama alikuwa amekwisha kuingia ukumbini. Alisimama mbele ya chumba cha tisa, akaweka kiganja ukutani, akasogeza pua.

"Hii ni jikoni yangu," akasema. "Iko inanuka moshi yangu." Akapiga hatua mbili. "Hii ni kule nilikuwa nalala." Akatazama juu. "Na mutu ameandika kumi juu ya salon, kule nilikuwa napokea wageni."

Nikamwita fundi. Alifika mbio, akatutazama, akatazama ukuta, akashika kichwa.

"Mimi nilifikiri shefu njo alipima," akasema. "Nikaona msalaba, nikaweka kwenye msalaba. Nikaona mistari mbili, nikaweka kwenye mistari mbili. Nikasema, kumbe shefu wetu ana akili!"

"Weye ulisimamisha nyumba yangu ndani ya nyumba," mama akamwambia, "na hukushangaa?"

"Nilishangaa kidogo, mama. Dirisha ilikuwa inakosa."

Nilimwahidi mbao mpya zote, na msumari mpya kwa kila msumari. Hakuzitaka. Alinieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni. Mbao mbichi zingepinda kabla ya mvua ya kwanza. "Yangu imeshapinda yote ilitaka kupinda," alisema. "Na wadudu hawaikule, moshi imeingia mpaka ndani. Niletee yangu. Jumamosi."

Kuzitoa mbao kulimaanisha kuzivunja kuta za vyumba vya watu vilivyofungwa kwa kadena zao. Nilijua maana yake. Mtu mwenye depo anauza kitu kimoja tu, nacho ni kwamba mlango wako haufunguliwi na mwingine. Nikiwaita wapangaji watatu na kuwaambia kwamba kuta za vyumba vyao ni nyumba ya mama wa watu, Ndosho nzima ingejua kabla ya jioni. Nisipowaita, binti wa mama angeombwa uani kwa watu, au asingeombwa kabisa. Niliwapigia simu wote waje Ijumaa.

Simu ya mwalimu ilipokelewa na mkewe. Kwa hiyo Ijumaa mwalimu alikuja akiwa nyuma ya mkewe, macho chini. Mfanyabiashara wa jibini alikuja na binamu zake. Kwaya ilikuja nzima. Nilisimama mbele yao nikaeleza yote, hata Kiwanja. Nilitegemea matusi. Badala yake mwenye jibini akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Usiegemee," mama akamwambia. "Ni salon yangu."

Wakafungua kadena. Ukuta wa kwanza ulipoanguka, kanape ya divai ikabaki uchi katikati ya ukumbi, kati ya ngoma na jibini.

"Hii ni ya nani?" mke wa mwalimu akauliza.

"Ya kwaya," mwalimu akasema haraka.

"Sisi?" kiongozi wa kwaya akasema. "Sisi tunaimba tukisimama."

Mke wa mwalimu akaikalia. Akajisogeza huku na huku kuijaribu. Akamtazama mumewe muda mrefu. "Basi haitarudi ndani ya chumba," akasema. "Inaenda nyumbani leo, na weye njo utaisukuma." Na kweli, jioni ile Ndosho ilimwona mwalimu akiisukuma kanape kwenye chukudu, mkewe ameketi juu yake.

Jumamosi tulibeba nyumba. Fundi alikuja kabla ya jua kuwaka, hakutaka kulipwa. Safari hii alijua mistari miwili inamaanisha nini. Wanakwaya waliimba kila ukuta uliposimama, mwenye jibini alikata gurudumu zima la jibini likaliwa pamoja na maharagi yangu. Saa tisa mabati yalikuwa juu. Tulisugua namba zangu kwa petroli. Tisa ilitoka, kumi na moja ikabaki kama kivuli, lakini kumi, iliyokuwa kwenye ukuta wa mbele kabisa karibu na mlango, ilikataa. Ilikuwa nyekundu na kubwa, na mwandiko ulikuwa wangu.

Jumapili nilialikwa, nikakaa nyuma. Wakwe walifika wamevaa makoti, na msemaji wao, muzee mwembamba mwenye fimbo, alisimama mlangoni akaitazama ile namba.

"Mama," akasema kwa sauti ili wote wasikie, "sisi tulikuja kuomba mutoto. Haukutuambia kama ni hoteli."

Nilitamani kuingia chini ya benchi. Mama hakusogea hata kidogo.

"Karibuni, wazee," akajibu. "Ile si ya chumba. Niliandika hesabu ya ng'ombe, ili musichoke kuuliza."

Kicheko kilichotoka humo nadhani kilisikika mpaka mtaa wa Katindo. Walibishana mchana kutwa, wakashusha, wakapandisha, na walipotoka walikuwa wamekubaliana saba na ndama. Binti alicheka na kulia kwa pamoja.

Nilijenga tena vyumba vitatu kwa mbao zangu mpya. Zilipinda, kama alivyosema. Mlango wa kumi na moja ulikuwa ukifunguka kwa teke. Lakini watu hawakunikimbia. Kisa kilikuwa kimezunguka, na wengi walikuja kutazama, halafu wakaacha kabati. Kila aliyekuja, hata hivyo, aliuliza yuko wapi mama mwenye nyumba. Naye sasa alikuwa jirani, akipita kila siku. Siku moja aliketi kwenye jiwe lake na kuniuliza:

"Siku ile fundi alichukua mbao yangu, weye ulikuwa wapi?"

"Kiwanja, mama. Nilikwambia."

"Kufanya nini?"

"Kuangalia."

"Kuangalia nini?"

"Kiwanja."

Akacheka mpaka akapangusa macho kwa kitenge. Kisha akasema, bila ubaya wowote: "Papa, uko mutu muzuri. Lakini hii kazi inataka mutu mwenye matako mazito."

Alisema kweli, maana wiki hiyo nilikuwa nimekwisha kuuliza bei ya nafasi katika lori la Butembo. Nilimpa ufunguo wa lango, na depo yote pamoja nao, siku tatu baadaye. Tulikubaliana mbele ya muzee mwenye ukumbi, ambaye alionekana ametulia kuliko siku aliyonipa mimi. Mama akazunguka mara moja, akagusa kadena zote, akamwagiza fundi achimbe mfereji chini ya chumba cha sita.

Asubuhi ya kuondoka, pikipiki ya kunifikisha kwenye lori ilikuwa inaningoja nje ya lango, mzigo wangu umekwisha kufungwa nyuma. Nilikuwa nainua mguu kupanda wakati kijana mmoja alipofika na mkewe, kati yao kabati la vioo wamelishika huku na huku, jasho linawatiririka. Walinitazama mimi.

"Papa, chumba iko?"

Nilifungua mdomo. Ndani ya lango mama alikuwa amekwisha kusimama.

"Iko," akawaambia. "Lakini muko na kadena?"

Hawakuwa nayo. Akamtuma mwanamume sokoni, akamshika mke mkono, akamketisha kwenye jiwe, na dereva wangu akapiga honi. Tulipopinda kona nilikuwa bado nasikia akimwuliza yule dada wanatoka wapi na kabati zuri hivi. Sijarudi tena Goma, na naikumbuka kila siku.